Jokofu kubwa katika yoti: mzigo usiooneshwa mnunuzi

MNUNUZI wa yoti iliyotumika hukagua injini, tanga na mwili wa chombo. Hugonga faiba kwa kifundo cha kidole asikie kama imeoza, huomba injini iwashwe, hufungua vifuniko vya ngama aone kama maji yanaingia. Akifika jikoni huridhika akikuta jokofu la nyumbani, refu kama la mjini, lenye milango miwili na friza juu. Huona hiyo ni faida ya ziada. Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kukodisha chombo kwa watalii, jokofu hilo linaweza kuwa kifaa ghali kuliko vyote alivyonunua siku hiyo.

Gharama yenyewe haianzi na bei ya jokofu jipya. Inaanza na swali ambalo wengi hawalifikirii mpaka siku kompresa inapokufa: jokofu hilo litatokea wapi?

Kando ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Kilifi na Mtwapa hadi Tanga, Unguja na Msasani, Dar es Salaam, zipo yoti na katamarani zinazobeba wageni kwa safari za siku moja, tatu au hata wiki. Biashara hiyo inategemea vitu vichache: usalama, usafi, na chakula kisichoharibika. Mgeni huvumilia upepo ukikatika. Hatavumilia samaki anayenuka siku ya pili ya safari ya siku tano, na nahodha aliye mbali na soko hana mahali pa kununua mwingine. Safari hukatishwa, fedha hurudishwa, na jina la chombo huharibika. Ndiyo maana suala la jokofu ni la mtaji, halimhusu mpishi peke yake.

KWA NINI HALITOKI

Yoti nyingi zenye jokofu kubwa zilijengwa hivi: mwili wa chombo ukiwa bado wazi, jokofu lilishushwa kwa kamba kutoka juu na kuwekwa mahali pake. Baada ya hapo makabati yalijengwa kulizunguka, kisha sitaha ikafungwa. Mjenzi hakufikiri kuhusu mwenye chombo wa tatu au wa nne, miaka 20 baadaye.

Jokofu la kawaida la nyumbani lina upana wa sentimita 60 hivi, kina cha sentimita 65 na urefu wa sentimita 170 au zaidi. Uzito wake ni kilo 60 hadi 70. Mlango wa ngazi ya kuteremkia ndani ya yoti mara nyingi hauzidi sentimita 60 kwa upana, na chini yake kuna ngazi yenye mteremko mkali. Baada ya ngazi kuna kona. Katika kona hiyo kitu kirefu hakiwezi kugeuka, hata kama upana wake unapita.

Kabla ya kuagiza chochote, mafundi wenye uzoefu hupima njia nzima wala hawaishii kwenye tundu la jokofu. Hupima mlango wa nje, mlango wa ndani, kona, dari na dirisha kubwa kuliko yote. Kisha hukata boksi la karatasi ngumu lenye vipimo vya kifaa kipya na kulipitisha njia hiyo kwa mkono. Boksi likikwama, kifaa nacho kitakwama. Kazi hiyo huchukua nusu saa na haigharimu chochote, lakini ndiyo inayookoa gharama ya kurudisha mzigo kwa msambazaji wa ng'ambo.

Jokofu la zamani lina njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kung'oa milango yake, bawaba, mpini na rafu, jambo ambalo huweza kupunguza sentimita kadhaa za kina. Ya pili ni kung'oa dirisha au ngazi kwa muda. Ya tatu ni kulikata vipande ndani ya chombo.

Njia ya tatu ndiyo inayotamaniwa na wenye haraka, na ndiyo yenye hatari. Majokofu mengi ya nyumbani ya miaka ya karibuni hutumia gesi ya R600a, yaani isobutani, ambayo huwaka moto. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja ndani ya chombo hushuka kwenye ngama na kukaa huko ikisubiri cheche. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 150, lakini ndani ya nafasi iliyofungwa kiasi hicho si cha kudharauliwa. Mashine ya kukatia inayotoa cheche haifai kabisa kabla gesi haijatolewa na fundi. Hata baada ya hapo, msumeno wa mkono ni salama zaidi, na madirisha yote yawe wazi.

HESABU YA UMEME

Wanaofanikiwa kulitoa jokofu hushawishika kurudisha lingine la aina ileile, kwa kuwa madukani Kariakoo au Mombasa jokofu la nyumbani hupatikana siku hiyohiyo na bei yake ni ndogo ukilinganisha na la baharini. Hapa ndipo hesabu inapotakiwa kufanywa kwa kalamu.

Tuchukue jokofu la lita 300 linalotumia uniti 1.2 kwa siku katika joto la pwani. Nyumbani hiyo ni kawaida. Lakini chomboni umeme hutoka kwenye betri za volti 12, na lazima upite kwenye inveta ili uwe volti 230. Inveta hupoteza asilimia 10 hadi 15 ya umeme unaopita. Aidha, yenyewe hula umeme saa zote 24 hata kompresa ikiwa imelala. Tukikadiria hasara ya asilimia 12 na wati 10 za kuifanya inveta ibaki macho, jumla inafika karibu uniti 1.6 kwa siku.

Uniti 1.6 ni wati-saa 1,600. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 133 kwa siku. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu ya uwezo wake. Ikishushwa mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo jokofu peke yake linahitaji betri za ampea-saa 266 kwa siku moja, kabla ya kuwasha taa, redio ya mawasiliano, pampu ya maji au kuchaji simu za wageni. Hizo ni betri karibu tatu za ampea-saa 100. Anayetumia betri za lithiamu anaweza kushusha hadi asilimia 80 ya uwezo, hivyo atahitaji chache, ila bei ya kununulia ni kubwa zaidi.

Umeme huo unaotoka lazima urudishwe. Paneli ya sola ya wati 100, ikifungwa chomboni ambako kivuli cha mlingoti na tanga hakikwepeki, huweza kutoa kama wati-saa 400 kwa siku njema. Jokofu hilo linahitaji paneli nne za aina hiyo. Asiye na nafasi ya paneli huwasha jenereta. Jenereta ikifanya kazi saa 3 kwa siku na kunywa lita moja ya dizeli kwa saa, msimu wa siku 100 unameza lita 300. Mwekezaji azidishe idadi hiyo kwa bei ya kituo cha mafuta kilicho karibu naye, kisha aongeze matengenezo ya jenereta yenyewe na malalamiko ya wageni waliolipa ili wapumzike kwa utulivu.

NJIA TATU ZILIZOPO SOKONI

Njia ya kwanza ni kurudisha jokofu la nyumbani, lakini dogo. Faida yake ni bei na vipuri. Hasara zake ni inveta, kutu na mwendo wa bahari. Mabati yake hayakutengenezwa kwa hewa ya chumvi. Mlango wake hushikwa na sumaku tu. Chombo kikilala upande katika bahari ya kusi, mlango hufunguka na chakula humwagika sakafuni. Anayechagua njia hii hana budi kufunga komeo la nje na kulifunga jokofu lenyewe kwa bolti kwenye ukuta. Njia hii inafaa zaidi kwa chombo kinacholala gatini kikiwa kimeunganishwa na umeme wa nchi kavu.

Njia ya pili ni jokofu la baharini linalotumia volti 12 au 24 moja kwa moja bila inveta. Lipo la mlango wa mbele na lipo la droo. Vitrifrigo na Isotherm za Italia, pamoja na Dometic ya Sweden, ni miongoni mwa majina yanayofahamika. Droo mbili zilizopangwa juu na chini, moja ya jokofu na nyingine ya friza, huingia kwa urahisi katika tundu lililoachwa na jokofu refu, na kila moja hupita mlangoni peke yake. Droo hufunguka kutoka juu, hivyo hewa baridi haimwagiki yote kila inapovutwa.

Ndani ya majokofu mengi ya aina hii kuna kompresa ndogo iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Danfoss, hasa BD35 na BD50. Mfanyabiashara wa vipuri asishangae akiona jina tofauti. Danfoss iliuza biashara hiyo ya kompresa mwaka 2010, na tangu hapo hutengenezwa kwa jina la Secop. Fundi anayekataa kipuri cha Secop kwa madai kuwa si cha asili anampotezea mteja wake muda.

Njia ya tatu ni kujenga sanduku la baridi ndani ya tundu lenyewe, kwa foamu na faiba, kisha kununua mtambo mtupu: kompresa, kondensa na bamba la baridi. Vipande hivyo vyote hupita mlango wowote. Hapa tatizo la kona na ngazi linakwisha kabisa, na hapa pia ndipo kazi inapobaki mikononi mwa mafundi wa hapa pwani.

UNENE WA UKUTA NI FEDHA

Tundu la jokofu kubwa, pamoja na nafasi ya hewa iliyoachwa pembeni na nyuma yake, huwa na sentimita 70 kwa 70 hivi. Tukijenga sanduku la nje lenye sentimita 70 kwa 70 na kimo cha 80, na kuta za foamu zenye unene wa sentimita 10, ndani tutabaki na sentimita 50 kwa 50 kwa 60. Hizo ni lita 150. Juu ya sanduku hubaki karibu mita moja ya kimo, nafasi ambayo mpishi huipata kama meza ya kukatia na rafu za vyombo.

Mwenye chombo hulalamika kwamba kuta zimekula nafasi na kutaka unene wa sentimita 5. Hesabu inamjibu. Nje kukiwa na nyuzi 30 na ndani nyuzi 4, foamu nzuri ya poliyurethani yenye sentimita 5 itaruhusu joto la wati 26 hivi kuingia saa zote. Kwa sentimita 10, joto hilo linashuka hadi wati 16 hivi. Ukijumlisha kufungua kifuniko na kuingiza vinywaji vya moto kutoka dukani, sanduku la kuta nyembamba litatumia karibu wati-saa 640 za umeme kwa siku, na la kuta nene karibu 440.

Yaani sanduku la kuta nene linatumia ampea-saa 37 mahali ambapo jokofu la nyumbani lilitumia 133. Betri moja ya asidi ya ampea-saa 100 inatosha kulilaza usiku na mchana, na paneli ya wati 150 inarudisha kilichotumika. Ni kweli kwamba lita 150 ni nusu ya lita 300. Lakini katika jokofu la nyumbani sehemu kubwa hujazwa hewa, rafu na chupa za maji. Katika sanduku linalofunguka juu, vitu hupangwa vikabanana: vya kugandishwa karibu na bamba, mboga juu kabisa.

Kasoro ya sanduku ni kwamba kitu kinachotakiwa daima huwa chini. Vikapu vya plastiki vyenye mpini hutatua hilo kwa gharama ndogo. Kasoro nyingine ni unyevu. Foamu ikinywa maji haizuii joto tena, hivyo kila kiungo lazima kizibwe kwa faiba na gundi ya epoksi, na tundu la kutolea maji chini ya sanduku liwe na kizibo. Sanduku linalovuja mwaka wa kwanza litaanza kula betri mwaka wa pili, na mwenye chombo atalaumu kompresa isiyo na kosa.

BARAFU BADO NI MSHINDANI

Kuna wafanyabiashara wanaouliza kama mtambo wowote unahitajika. Swali hilo si la kuchekwa. Wavuvi wa pwani hii hutunza samaki kwa barafu, na wengi hawajawahi kununua kompresa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la wati-saa 93. Sanduku la kuta nene tulilolieleza huingiza joto la wati-saa 570 hivi kwa siku, pamoja na la vinywaji na kufungua kifuniko. Kilo 6 kwa siku zinatosha. Safari ya siku tano inahitaji kilo 31, ambazo huchukua karibu robo ya sanduku. Kwa kuta nyembamba zitahitajika kilo 45.

Kwa hiyo chombo cha safari za siku moja au mbili, kinachorudi kila jioni karibu na mtambo wa barafu, kinaweza kujenga sanduku zuri sasa na kuahirisha kununua kompresa hadi faida ya msimu ipatikane. Fedha iliyowekwa kwenye foamu haipotei, kwa kuwa sanduku lilelile ndilo litakalopokea mtambo baadaye. Barafu haitoshi pale mteja anapotaka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, au safari inapokwenda mbali na bandari.

GESI NA SHERIA YAKE

Anayenunua mtambo aangalie gesi iliyomo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliiondoa R12, na nchi zinazoendelea zilifunga mlango wa gesi za aina hiyo mwaka 2010. Jokofu lolote lililokutwa chomboni likiwa bado na R12 ni la kuondolewa, si la kujazwa. Iliyofuata, R134a, haili ozoni, lakini nguvu yake ya kuongeza joto la dunia ni mara 1,430 ya kaboni dioksidi. Gramu 150 zikiachwa hewani ni sawa na kutoa zaidi ya kilo 200 za kaboni dioksidi.

Mwezi Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hilo. Makubaliano hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa kundi kubwa la nchi zinazoendelea, matumizi yaliwekewa ukomo kuanzia 2024. Yatapungua asilimia 10 mwaka 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Maana yake kwa mfanyabiashara ni rahisi: R134a haitatoweka kesho, lakini mtambo unaonunuliwa leo ili utumike miaka 15 utafika wakati ambapo gesi hiyo imepunguzwa sana. Mitambo ya R600a haina wasiwasi huo, ila inataka fundi anayejua kushughulikia gesi inayowaka.

NAFASI KWA WAFANYABIASHARA WADOGO

Kazi hii moja inahitaji mafundi wanne: seremala, fundi faiba, fundi friji na fundi umeme wa volti 12. Mara nyingi mwenye chombo huwatafuta mmoja mmoja, na kila mmoja humlaumu mwenzake. Anayeweza kuwakusanya na kutoa bei moja ya kazi nzima, ikiwa na dhamana ya msimu mmoja, atakuwa na wateja.

Fundi umeme hasa ndiye anayepuuzwa. Kompresa inayovuta ampea 5, ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, hupoteza karibu nusu volti njiani kwenda na kurudi. Betri ikishuka kidogo, kompresa hujizima na mteja huambiwa imekufa. Waya wa milimita 6 hupunguza hasara hiyo hadi chini ya robo volti. Wapo walionunua kompresa mpya wakati kilichotakiwa kilikuwa waya mnene.

Majira ya kazi nayo yana bei yake. Wageni hupungua wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Chombo kinachosimama wakati huo hakipotezi mapato mengi, lakini mvua huchelewesha kazi ya faiba na epoksi, hivyo paa au turubai ni sehemu ya bajeti. Mzigo wa ng'ambo uagizwe mapema, ukihesabu nauli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Anayeagiza mwezi Mei huenda akaupokea mzigo wake wageni wakiwa wamekwisha kufika.

USHAURI KWA MNUNUZI

Anayekwenda kukagua yoti achukue futi ya kupimia. Apime jokofu, kisha apime mlango. Kama jokofu ni kubwa kuliko mlango, gharama ya kulitoa, kujenga sanduku na kununua mtambo iandikwe kwenye karatasi na kukatwa katika bei kabla ya kupeana mikono, hata kama jokofu bado linagandisha. Aulize pia betri zina umri gani na jenereta huwashwa saa ngapi kwa siku. Muuzaji anayejibu kuwa jenereta huwashwa asubuhi na jioni amekwisha kueleza hali ya jokofu lake.

Kwa mwenye chombo tayari, njia ya busara ni kutosubiri kompresa ife katikati ya msimu. Kazi iliyopangwa wakati wa masika hulipwa kwa bei ya kawaida. Jokofu likifa mwezi Agosti wageni wakiwa chomboni, bei ya kazi hupangwa na fundi.